Nishani Iliyorudi Kwenye Mshipi

Saumu mwanangu,

Katika kisiwa hiki chote cha Mafia, anzia Kanga huko kaskazini ushuke mpaka ardhi iishe, hutampata mtu mwingine aliyewahi kupigiwa saluti na ofisa mwenye nishani wa jeshi la Waingereza. Ni mimi peke yangu, mjomba wako Bakari, niliyeishia darasa la sita. Wakubwa wa wilaya wamekuja na wameondoka, hakuna aliyepigiwa. Mimi nilipigiwa nimesimama barazani, kikoi kimeloa, na mashahidi wangu ni Mungu na paka wa Meja.

Nakuandikia baada ya alasiri. Mama yako amekukalisha uani kwenye kigoda anakukata nywele, kwa kuwa karatasi yenu ya jeshi imesema msichana aripoti na nywele fupi. Nausikia mkasi. Yeye hasemi neno, lakini kila mkasi ukilia najua ninasemwa mimi. Kesho alfajiri unapanda boti Kilindoni kwenda kushukia Nyamisati, kule bara, na pale bandarini sitaweza kukwambia haya. Pale nitakuwa nakuchekesha tu, si unanijua.

Habari za sabuni, kandambili, na kutomwazima mtu taulo lako, mama yako keshakwambia mara tatu. Mimi nina neno moja, ila siwezi kulisema kwa mkato. Sijawahi kusema kitu kwa mkato.

Jana uliniomba ile nishani ya ukutani. "Mjomba, nipe niende nayo, iwe baraka." Nikajifanya nina kikohozi. Leo nimeitoa ukutani, utaona palipobaki alama nyeupe, na begini kwako haimo. Usimuulize mama yako. Nitakwambia mwenyewe ilipo.

Wiki iliyopita mama yako alinifuata kwenye minazi, akasimama chini, mimi niko juu nakata madafu.

"Kaka, shuka."

"Nasikia hata huku."

"Meja alikuwa wako wewe. Mwanangu si wa Meja."

"Si amechaguliwa mwenyewe? Amepimwa, amekimbia kuwapita wavulana wote."

"Amekimbia akiufuata mdomo wako." Akajifunga khanga upya. "Akirudi kwenye sanduku, Bakari, utakuja kumzika na hizo porojo."

Nilikaa juu ya mnazi ule mpaka miguu ikafa ganzi. Mimi niliyewahi kumpanda papa potwe mgongoni toka Kilindoni mpaka karibu na Chole, nilishindwa kushuka mnazi kwa sababu ya dada yangu.

Kwa hiyo nisikilize. Nitakusimulia Meja upya.

Yale unayoyajua ni kweli kiasi. Alikuwa Mskoti, mrefu, mwekundu kama pweza aliyechemshwa. Alikuja Mafia kutazama papa potwe kama wageni wote, akiwa ametoka kumzika mkewe, na boti ya kurudi ikaondoka bila yeye. Akapanga nyumba pale mwisho wa Kiegeani, akamtafuta mtu wa kumpikia, kumfulia na kumpeleka kuvua. Watu walinitaja mimi. Sawa, walimtaja kwanza marehemu Shomari, Shomari akakataa, ndipo wakanitaja mimi. Alijifunza Kiswahili kwa miezi, akavaa kikoi, akatwambia hata kwao wanaume siku za heshima hujifunga nguo kiunoni na ndani hawavai kitu. Wazee wa Kiegeani wakatazamana, wakasema huyu ni mtu wetu aliyepotea njia.

Nilikaa naye miaka kumi na moja. Baba yako alikuwa ameshafariki, hata meno hujaota, na nyie wawili mkawa kwangu. Kila jioni ulikuwa unaningoja mlangoni nikuletee habari za Meja kama watoto wengine wanavyoletewa visheti. Na mimi nikawa nakuletea. Siku ambayo Meja amelala tu mchana kutwa, nilikuletea vita.

Hadithi uliyoipenda ni ya meza. Unaijua kwa moyo, uliisimulia hata shuleni. Wavuvi haramu walipiga baruti karibu na ufuko, mara tatu, nyumba ikatikisika, Meja akajitupa chini ya meza kwa mazoea ya vita. Na mimi nimesimama na kikombe changu, sikupepesa, chai tu ndiyo iliyomwagika ikanilowesha kikoi. Nikainama nikamwambia, "Afande, toka, Bakari yupo." Akatoka, akasimama wima, akanipigia saluti. Kila Idi ulinitaka niirudie, na kila Idi baruti iliongezeka. Mwaka jana zilifika saba.

Weka hiyo kando. Nitairudia.

Meja alizaliwa nyumba ya wachunga kondoo, kwenye vilima vya mvua. Baba yake alikuwa mtu mkimya. Aliyekuwa na maneno ni mjomba wake. Ndiyo, Saumu, mjomba. Mjomba yule alikuwa na nishani ya vita vya zamani, na kila jioni ya baridi alikaa karibu na moto akamweka mtoto gotini akamsimulia jinsi alivyowafukuza maadui kwa kitako cha bunduki. Meja alipofika miaka kumi na saba akaenda kujiandikisha, akiwa na viatu vya mjomba wake miguuni. Siku aliyonisimulia haya tulikuwa tunaparua samaki. Nilicheka nikasema, "Mjomba mzuri huyo!" Yeye hakucheka. Alisimamisha kisu, akasema, "Bakari, una mpwa?" Nikamwambia ninaye, tena hodari. Akaendelea kuparua.

Sikuelewa. Mimi ni mtu wa kuelewa baada ya miaka kumi.

Sasa ile siku ya gwaride. Ulikuwepo, una miaka tisa, umekaa juu ya ukuta wa Meja unachezesha miguu. Umeniambia mara nyingi kwamba ndiyo siku uliyojua utakuwa askari. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa hiyo nataka uione tena, safari hii kutoka pale nilipokuwa mimi.

Kila mwaka Meja alikuwa na siku yake moja. Aliniambia nipike pilau, nitandike mkeka barazani, nipange sahani nane. Halafu alikaa peke yake na karatasi ya zamani, akasoma majina manane taratibu, jina baada ya jina, akikaa kimya katikati. Akimaliza, chakula kinapelekwa kwa majirani. Watu wa Kiegeani hawakuuliza. Kila mtu hapa anajua maana ya kupika kwa ajili ya wafu. Walisema tu, mzungu anawarehemu watu wake kwa namna yao, Mungu atajua pa kuipokea.

Lakini mimi, Saumu, siwezi kukiacha kitu kilivyo. Nikajiambia, sahani nane na mlaji hakuna, huu ni upungufu. Meja ni mtu mkubwa, anastahili heshima. Nikawachukua vijana wanane wa timu ya mpira, wa umri wa kwenda vitani, nikawapeleka nyuma ya minazi siku tatu. Nikawafundisha kutembea kwa hatua, bunduki zao miti ya mihogo. Na kwa kuwa ile karatasi niliiona mara nyingi nikipanga sahani, nikampa kila mmoja jina lake. Hamadi, mtoto wa Bi Kombo, nilimpa la mwisho, Hemishi.

"Mjomba Bakari, jina gani hili, kama chafya?"

"Wewe ukiitwa, itika. Useme, Yupo, Afande!"

"Na pilau?"

"Pilau baada ya kuitika."

Nikawaficha nyuma ya ukuta, pale pale ulipokuwa umekaa. Meja akatoka na karatasi yake na miwani, akakaa mkekani. Akasoma jina la kwanza, sauti yake ile ya chini.

"Yupo, Afande!"

Na kijana akatoka nyuma ya ukuta, akasimama, akapiga saluti.

Wewe ulipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kifua mbele, nafikiri sasa Meja atainuka anikumbatie. Hakuinuka. Hakuinua hata kichwa. Akasoma la pili, kama ulimi umekwenda wenyewe, na la pili likaitika. La tatu. La nne. Karatasi ilikuwa inatetemeka, nikasema ni upepo. Alipofika la nane, hakuna aliyeitika, kwa sababu Hamadi, mjinga yule, mti wake wa muhogo ulikuwa umenasa kwenye kamba ya nguo.  Meja akangoja. Kisha akasema tena, polepole, kama mtu anayemwita mtoto aliyejificha na tayari ana wasiwasi, "Hemishi?"

Hamadi akachomoka mbio. "Yupo, Afande! Nimechelewa, Afande!"

Meja akasimama. Akamwendea Hamadi akamshika uso kwa mikono miwili. Akampapasa masikio, shingo, mabega, kama mama anayemkagua mtoto aliyeanguka mtini. Hamadi akanitazama mimi, macho yamemtoka. Kisha Meja akamwachia, akaingia ndani, akafunga mlango, nikasikia komeo.

Nilikwambia alilia kwa furaha. Ulikuwa na miaka tisa, umenishika mkono tukirudi nyumbani, unatembea kwa hatua, kushoto kulia, kushoto kulia. Ningekwambia nini? Wewe unalikumbuka gwaride. Mimi naukumbuka ule uso.

Siku saba hakusema nami. Nilikuwa naweka chakula, nakikuta vile vile. Siku ya nane ndipo baruti zikapigwa, na chini ya ile meza, huku tunangoja kama kuna nyingine, akanieleza. Ile hadithi nyingine niliyokuwa nikikusimulia, kwamba Meja alishikilia kilima usiku mzima dhidi ya jeshi zima kwa sababu hajui kuogopa, niliitunga mimi. Aliyoyasema yeye ni haya.

Kilikuwa kisiwa kingine, cha baridi, hakina hata mti mmoja. Alikuwa bado kijana, na chini yake kuna vijana zaidi yake. Walipewa kilima, wakakichukua. Kabla ya kupambazuka simu ya upepo ikamwambia, rudini nyuma, hicho kilima hakina kazi tena. Amri halali, kutoka kwa mwenye haki ya kuamuru. Meja akajaribu kuinuka, miguu ikakataa. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Akaogopa vijana watamwona. Akaogopa wakishuka gizani watasema kamanda wetu anakimbia. Basi akasema, "Hatutoki." Neno moja. Alilisema kwa ukali ili sauti isitetemeke. Wakamwamini. Wakakaa. Jua lilipotoka, wanane walikuwa wamekufa, na adui alikuwa ameondoka kwa sababu zake mwenyewe. Kilima chenyewe kikaachwa siku ya pili.

Akavishwa nishani kwa ushujaa.

Mama zao wakamwandikia, Saumu. Mama wa Hemishi aliandika kwamba anashukuru mwanawe alikufa akiwa na kamanda asiyejua woga. Barua hiyo Meja aliiweka pamoja na ile orodha. Hakuwahi kuijibu. "Nimjibu nini, Bakari? Nimwambie aliuawa na aibu yangu?"

Na akasema jambo jingine, hili ndilo ninalokuandikia barua nzima. Akasema, "Mjomba wangu alinisimulia vita miaka kumi, na hata siku moja hakusema aliogopa. Hofu iliponijia kule juu nilidhani mimi ndiye mtu wa kwanza duniani. Nikaificha kama mwizi. Angeniambia mara moja tu, hata kwa mzaha, pengine ningewateremsha wale vijana."

Mjomba wake alikufa bila kusema. Baada ya maziko ndipo Meja akasikia kwa watu kwamba vita vyote alikuwa anachunga nyumbu wa mizigo.

Mwezi ule ule akanipa nishani. Si kwamba alinivisha kifuani, kama nilivyokwambia. Alinipa tukiwa ndani ya mtumbwi, chubwi la kuzamishia mshipi wangu limekatika na kwenda chini, akatoa nishani mfukoni akasema, "Funga hii, ina uzito wa kutosha." Nikafunga. Tukapata changu wawili na tasi mmoja, na siku hiyo nilimwona Meja akicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Miaka yote iliyobaki tulivulia hiyo. Akaniambia akifa isimfuate kaburini.

Alikufa asubuhi, ananyoa ndevu, moyo ukasimama, povu bado shavuni. Nilimfuta kwa kikoi changu. Binti yake akaja kumchukua kumpeleka kwao, wakamvisha sare, wakainyoosha kifuani, binti akaniuliza, "Bakari, nishani ya baba iko wapi?" Nikamwambia imeingia baharini. Si uongo, iliingia baharini mara nyingi kuliko mvuvi yeyote. Lakini badala ya kuiacha kwenye mshipi kama alivyotaka mwenyewe, niliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa, nikaitundika ukutani kwangu. Ukakua unaitazama. Nikakupandisha kigodani uipanguse vumbi kila Alhamisi. Mama yako aliliona hilo mapema, akaniambia, nikamjibu wanawake hawajui mambo ya heshima. Nimejibiwa leo kwa mkasi.

Sikuambii usiende. Umeshakatwa nywele, na umeshinda kwa miguu yako mwenyewe, si kwa mdomo wangu, hata mama yako akisema nini. Pengine jeshi litakufaa. Una kichwa kitulivu ambacho hakikutoka upande wangu. Ninachoogopa ni kwamba siku itakuja, ya mvua au ya risasi au ya mazoezi tu, miguu yako itakataa, na utajitazama useme, damu ya mjomba Bakari haina hofu, hii imetoka wapi? Kisha utaificha. Ukiambiwa rudi, hutarudi. Au ukiona umeshindwa, utaona afadhali ufe kuliko kupanda boti ya Nyamisati ukiwa mikono mitupu, upite Kilindoni watu wakuulize.

Panda, mwanangu. Ukitaka kurudi wiki ya kwanza, panda. Sitakuuliza kitu mbele ya watu. Anayekucheka nitamsimulia baruti mpaka ajute.

Na ukiogopa, mwambie aliyelala kitanda cha pili. Sema tu. Utashangaa, naye atakuwa anangoja mtu aanze.

Nishani nimeifunga tena kwenye mshipi, iko ndani ya kapu la kuvulia, uvunguni mwa kitanda changu. Ukija likizo tutakwenda nayo. Inazama vizuri.

Mkasi umenyamaza. Mama yako anakupangusa shingo kwa ncha ya khanga, naye bado hasemi. Nenda ukambusu mikono kabla hujaisoma hii, ingawa ukiwa unasoma hapa tayari utakuwa umeshafanya au hujafanya. Ana haki ya hasira yake. Mimi nitakaa nayo hapa, ndiyo kazi yangu mpaka urudi.

Sasa ile meza. Nilisema nitairudia.

Saluti ni ya kweli. Nimeapa kwa Mungu mwanzoni na sibadilishi. Lakini baruti ya kwanza ilipolia, Meja alikuwa chumbani kwake, komeo limefungwa, siku ya nane ya kununa. Aliyekuwa sebuleni ni mimi. Na aliyeingia chini ya meza ni mimi, Saumu, kichwa mbele, naita marehemu mama yangu. Ya pili ilipolia nikasikia komeo, nikaona miguu ya Meja mlangoni. Akainama akaniona. Hakusema, "Toka." Naye aliingia, mwili wote ule mrefu, akajikunja ubavuni kwangu, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Hapo ndipo alipoanza kunisimulia kilima. Tulipotoka nje, barazani, akanisimamisha, akanitazama toka juu mpaka chini, akanipigia saluti polepole, akasema miaka yote ameishi na askari hajawahi kumwona mtu anayeogopa waziwazi namna ile, na kwamba laiti angekuwa na mtu kama mimi kule juu.

Hiyo ndiyo saluti. Hakuna mwingine Mafia nzima aliyeipata, na sasa unajua niliipata kwa nini.

Na kile kikoi, mwanangu, hakikuloa chai. Chai ilikuwa bado jikoni.

Mjomba wako,
Bakari